Kila Mtoto wa Kanisa Hili

Iowa
22 Septemba 1974

Kwako dada Ozella,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa sababu ya ngazi. Hapa hakuna jengo lisilo na ngazi. Mama hajambo? Presha yake je? Mwambie nasali kabla ya kula, hata siku ambazo chakula chenyewe hakistahili sala. Jana tulipewa kuku aliyechemshwa mpaka akasahau kwamba aliwahi kuwa kuku, na mji mzima hauna pilipili. Nisalimie Mchungaji Tolliver, Bibi Sykes na akina mama wote wa kanisa. Waambie koti walilonipa linanikaa vizuri mabegani. Wenyeji wanasema baridi yenyewe bado haijaja, na mimi kila asubuhi tayari nimelivaa.

Mazoezi ya mpira wa kikapu yanaanza katikati ya mwezi ujao. Ninayelala naye chumba kimoja anaitwa Dale Hoekstra, mtoto wa muuza matrekta. Amenizidi urefu wa kidole kimoja, ana gari jekundu, na tunagombea nafasi moja. Si mtu mbaya. Anakoroma tu.

Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha gazeti la chuo. Wametuandika sisi wachezaji wapya, na picha yangu ndiyo kubwa. Mwonyeshe Mama, halafu ukibandike kanisani kwenye ubao wa matangazo, watu waone koti lao limefika gazetini.

Ni mimi nduguyo,
Verdell


Harlow Bend, Mississippi
6 Oktoba 1974

Kwa mdogo wangu Verdell,

Sisi hatujambo. Presha ya Mama ilipanda wiki iliyopita, ikashuka baada ya kumaliza kumgombeza muuza makaa. Mbwa wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Kiwandani wametuongezea kazi: sasa kwa siku moja nashona kola nyingi kuliko idadi ya shingo zilizopo mji huu mzima.

Kipande cha gazeti kimefika. Mama alikibeba kanisani ndani ya Biblia akamsomea kila mwenye masikio. Bibi Sykes alilia. Nimekibandika mwenyewe kwenye ubao, kwa pini nne, kisianguke.

Na mimi nimekisoma. Nimesoma pale mwandishi anapouliza ni nani aliyekufundisha kutupa mpira kwa mkono uliotulia namna ile, nawe ukamjibu, "Kocha Pruitt wa shule yetu."

Verdell, Kocha Pruitt alikufundisha kufunga kamba za viatu, na hata hizo zilikuwa zikifunguka. Ile pete ya pipa nyuma ya nyumba aliipigilia nani? Nani alikusimamisha pale mpaka giza liingie, anakushika kiwiko, anakwambia usiusukume mpira, uachie? Mimi nilikuwa nahodha wa wasichana. Niliwafunga wasichana wa shule ya Marlow pointi arobaini na moja nikiwa na homa. Siku ile kulikuwa na mzee wa chuo fulani, amekuja kumtazama mtoto wa Shemasi Gaddis. Mechi ilipokwisha alinishika bega akasema, "Pole, binti. Ungekuwa mvulana ningeondoka na wewe leo." Nikamwambia asante. Mpaka leo sijui nilimshukuru kwa lipi.

Silalamiki. Nasema tu kwamba nimesoma.

Kula vizuri. Mama anakusalimu.
Ozella


Iowa
1 Novemba 1974

Dada Ozella,

Natumaini barua hii inawakuta wote salama, na kwamba presha ya Mama imetulia. Tafadhali barua hii usimsomee.

Nimeitwa ofisi ya michezo. Nilidhani ni habari ya viatu. Kumbe kuna mtu, hawakumtaja, alikata ile habari ya gazeti akaituma kwa wakubwa wa chama cha michezo ya vyuo, akapiga mstari chini ya maneno yangu: "Kanisa letu lote lilichanga likaninunulia koti hili, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kwetu kuitwa chuoni kucheza." Niliyasema kwa shukrani. Niliona nikinyamaza nitakuwa mtovu wa fadhila.

Basi wakanisomea sheria. Mchezaji wa chuo ni mchezaji wa ridhaa, maana yake acheze kwa kuupenda mchezo, na asipokee chochote kwa ajili ya mpira zaidi ya masomo, kitanda na chakula cha chuo. Hata koti. Nilitaka kuwauliza ni ridhaa ya nani, maana mimi hakuna aliyeniuliza kama nimeridhika, lakini nikameza mate.

Bwana Lindqvist, mkubwa wa ofisi, ana moyo mwema. Aliniuliza, "Kijana, kanisa lenu lina desturi ya kumchangia kila mtoto anayekwenda chuo?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi umepona. Lete barua inayosema hivyo, yenye sahihi ya karani wa kanisa. Kinachotolewa kwa kila mtoto hakikatazwi. Kinachokatazwa ni kile ulichopewa wewe kwa sababu ya mpira." Nikacheka kwa furaha, nikamwambia karani wa kanisa ni dada yangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo ni mistari miwili tu. "Kanisa hili humpa sadaka ya upendo kila mtoto wake aliyeitwa chuoni." Sahihi, muhuri, basi. Mechi ya kwanza ni tarehe thelathini mwezi huu, na mpaka barua ifike sichezi. Isipofika kabla ya tarehe ishirini Januari, mwaka wangu umekwisha, na nafasi yangu ya masomo inaondoka nao.

Nakutegemea.
Verdell


Harlow Bend
17 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Unisamehe, tumekuwa na kazi. Jumamosi tulichinja nguruwe kwa Shemasi Gaddis, na pengo lako lilionekana, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshika miguu ya nyuma. Alimwangusha Shemasi kwenye beseni, na Shemasi akatamka neno ambalo siwezi kuliandika, maana mimi ni karani wa kanisa. Miti yetu ya pekani imezaa kokwa mwaka huu mpaka matawi yanavunjika. Lutie, binti wa shangazi Ardell, amepata mchumba. Mfupi, lakini ana nyumba. Mama anakohoa kidogo, hataki kwenda kwa daktari, anasema daktari naye anakohoa.

Kuhusu ile barua ya kanisa, bado naangalia daftari.

Vaa soksi mbili mbili.
Ozella


Iowa
2 Desemba 1974

Dada,

Mama hajambo? Lutie hajambo? Nguruwe naye, apumzike kwa amani.

Jumamosi tulicheza mechi ya kwanza, yaani walicheza. Mimi nilikaa mwisho wa benchi na suruali ya kanisani na tai. Pale mlangoni kuna bango la kuuzia tiketi, na picha iliyo kwenye bango ni yangu. Watu elfu tano walilipa, wakapita mbele ya uso wangu wa karatasi, wakaingia ndani kunitazama nimekaa. Dale alicheza mahali pangu akafunga pointi kumi na nne.

Lile gari lake jekundu alinunuliwa na baba yake siku alipochaguliwa na chuo. Kaniambia mwenyewe. Nikamwendea Bwana Lindqvist. "Gari la Dale je? Si amepewa kwa sababu ya mpira?"

"Yule ni baba yake," akasema. "Baba anaruhusiwa."

"Baba yangu mimi alikufa nikiwa na miaka minne. Waliokaa mahali pake ni wale wa kanisani."

Aliifungua fomu yangu akaipitia upya. Akasema ananielewa, ila kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hilo.

Koti wamelichukua, limefungiwa kabatini kama ushahidi. Natembea kwenye theluji na sweta mbili, moja ya Dale, na hata hiyo sweta naivua nikikaribia ofisi.

Unaangalia nini kwenye daftari, Ozella? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimekuwa namtafuta adui huku Iowa. Sasa najiuliza kama sikuangalia mbali mno.

Verdell


Harlow Bend
15 Desemba 1974

Verdell,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Wengine wote wazima. Salamu zimetosha.

Nitakuambia ninachokiangalia. Daftari la kanisa linaanza mwaka 1952, nami nimelisoma lote, mazishi, ubatizo na ugomvi wa kwaya. Watoto wa kanisa hili waliowahi kuitwa chuoni ni wawili. Wewe umo ukurasa wa Agosti mwaka huu. Mimi nimo Juni 1967, kwa mwandiko wa marehemu Bwana Purvis: "Binti Ozella Gaines ameongoza darasa lake na ameitwa chuo cha walimu. Kanisa limempongeza." Nukta. Mstari unaofuata wanajadili paa linalovuja.

Siku ile nilikaa benchi la pili. Viatu nilivipaka rangi nyeupe mara mbili, na nilivaa glavu za Mama. Nilikuwa na hakika sahani ya sadaka itapita kwa ajili yangu. Nilihitaji tiketi ya basi, shuka na viatu vya darasani, hakuna zaidi. Wakaimba ubeti mmoja, Mchungaji akanipa mkono, tukaenda nyumbani kula. Nikasema labda wamesahau. Nikangoja Jumapili tatu. Jumatatu baada ya hapo nikaenda kiwanda cha mashati kuomba kazi, na ndipo nilipo.

Miaka saba baadaye sahani ikapita kwa ajili yako, tena ikapita mara mbili, kwa sababu Bibi Sykes alitaka koti lenye kola ya manyoya. Mimi nilikuwa pale mezani na kalamu. Mchungaji akaniambia, "Andika: kwa kuwa anakwenda chuo." Nikaandika: "kwa kuwa amepata nafasi ya kucheza mpira chuoni." Hayo ya mpira niliyaongeza mwenyewe. Yalikuwa kweli tupu, na niliyaandika kwa wivu.

Ndiyo, wivu. Nimechoka kuuita majina mengine. Nilikuonea wivu tangu ulipoanza kunipita kimo. Kwenye mechi zako niliomba ushinde, na papo hapo niliomba ukose mtupo mmoja, mmoja tu, watu wakumbuke kwamba palepale mimi sikukosa. Ulipopanda basi na koti lile nilikupungia mkono nikarudi nyumbani nikavunja sahani mbili, nikamwambia Mama zimeteleza.

Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu miaka minne, nikatunzwa makofi. Wewe umetunzwa kweli, na sasa kutunzwa huko ndiko kumekuwa kosa. Sitaki ufikiri naitetea sheria yao. Tajiri akimpa mwanawe gari ni upendo, maskini mia moja wakimpa yatima koti ni hongo. Anayeandika sheria kama hiyo hajawahi kuona baridi. Hilo nalijua.

Lakini unaniomba niandike "kila". Nikiandika kila mtoto, nitakuwa nimesema moja kati ya mawili: ama sahani ilipita kwa ajili yangu, ama mimi sikuwa mtoto wa kanisa hili. Nichagulie wewe.

Ozella


Iowa
22 Desemba 1974

Dada yangu,

Heri ya Krismasi. Wamebaki watu watatu bweni zima, na mpishi ameondoka. Ninakula mikate yenye siagi ya karanga. Mwambie Mama tunakula bata mzinga.

Sikujua. Naapa. Mama aliniambia ulikataa kwenda. Alisema, "Dada yako anapenda kukaa karibu na nyumbani." Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilifurahi, kwa sababu ungebaki kunifundisha kutupa.

Na lile la Kocha Pruitt sina utetezi. Mwandishi aliniuliza mbele ya wenzangu. Nilifungua mdomo niseme "dada yangu", nikaona Dale ananitazama. Nikasema Pruitt. Niliona aibu kufundishwa na msichana, na sasa naona aibu ya kuona aibu.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mwema. Lakini barua bado naitaka, Ozella. Ulidhulumiwa, nakubali. Je, dhuluma yako itapungua nikirudi kushona kola kwenye cherehani ya pili kutoka yako? Kama itapungua, sema, nitapanda basi. Ila usinyamaze. Bora uniambie hapana kuliko kuniandikia habari za pekani.

Verdell


Harlow Bend
12 Januari 1975

Mdogo wangu Verdell,

Salamu kutoka kwa wote. Mama ni mzima, na utasoma habari zake humu ndani.

Jana kilikuwa kikao cha kwanza cha mwaka. Yalipokwisha ya mkaa na ya mpiga piano, nikasimama, nikasema karani ana jambo. Nikasoma ukurasa wako. Watu wakaitikia amina. Nikasoma ukurasa wangu. Hakuna aliyeitikia.

Shemasi Gaddis akasema, "Karani, tusomee yaliyo mezani. Makaburi yaache."

"Niko hai, Shemasi. Niko hapa nimesimama."

Nikawaeleza habari ya barua, na kwamba bila hiyo barua unarudi nyumbani. Bibi Sykes akapiga fimbo sakafuni. "Mtoto wetu anaganda kule kwenye theluji, na wewe unatusomea mambo ya mwaka sitini na saba! We Ozella, roho yako imekuwaje?"

"Mwaka sitini na saba, Bibi, mimi pia nilikuwa mtoto wenu."

"Si ungesema kama ulikuwa na shida?"

"Verdell alisema?"

Hapo Mchungaji Tolliver akavua miwani. Yule mzee ana busara yake akiamua kuitumia. Akaniuliza, "Binti yangu, tufanye nini ili hiyo sentensi uweze kuiandika bila kudanganya?"

Nikasema, "Pitisheni sahani."

Kuna aliyecheka nyuma, nafikiri mchumba wa Lutie. Lakini sahani ikaletwa. Nami mdomo wangu haujui kutulia, nikauliza, "Mnanipa mimi, au mnampa Verdell kwa mkono wangu?"

Bibi Sykes akajibu hapo hapo, na mkono ukiwa bado ndani ya mkoba. "Nisiseme uongo nyumbani mwa Bwana. Natoa kwa ajili ya mpira wa Verdell. Wewe pokea, ukae chini."

Nikaliandika hilo daftarini, neno kwa neno, kama alivyolisema.

Wakatoa wote. Nilikuwa nawatazama nyuso: walikuwa wanakutazama wewe. Niliona wivu hata juu ya sahani yangu mwenyewe. Mwisho akaja Mama. Hakungoja sahani imfikie, alitoka benchi lake akaja mpaka mezani, akaweka mkono wake juu ya wangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii ni yako. Nilimwambia mdogo wako hukutaka kwenda, kwa sababu sikuweza kumwambia nimeshindwa kukupeleka." Halafu akarudi kukaa. Mdogo wangu, nililia mbele ya Shemasi Gaddis, jambo ambalo niliapa sitalifanya maishani.

Barua ya kanisa nimeiweka ndani ya bahasha hii, yenye sahihi na muhuri. Inasema kila mtoto aliyeitwa chuoni, na kuanzia jana hilo ni kweli. Tarehe sikuandika. Hawakuuliza tarehe.

Nami mwezi uliopita, kabla hata ya sahani, niliandikia chuo cha walimu. Wamesema jina langu la zamani walishalitupa, nijaze upya. Naanza Juni.

Ozella


Iowa
9 Februari 1975

Dada Ozella,

Hamjambo? Mimi sijambo. Bwana Lindqvist aliisoma barua mara mbili. Akaniuliza, "Kila mtoto?" Nikamjibu, "Kila." Akaifungia ndani ya faili, akanirudishia koti.

Nimeruhusiwa tangu tarehe ishirini na nne. Kocha amesema katikati ya msimu hawezi kuigusa nafasi ya Dale. Mpaka sasa nimecheza dakika nne, na mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta mtu wa kumpa mpira.

Hongera kwa chuo. Asante kwa barua. Sina mengi.

Verdell


Iowa
12 Oktoba 1975

Dada Ozella,

Habari za masomo? Natumaini walimu wako hawakuiti "Bibi". Mimi kiangazi chote nimepakia magunia ya mahindi, ndiyo maana sikuja nyumbani, na mgongo wangu sasa una umri wa Shemasi Gaddis.

Mama ameniandikia, kwa mwandiko wa Lutie, kwamba umeingia timu ya wasichana ya chuo. Wasichana! Una miaka ishirini na sita. Anasema kocha wenu alisimamisha mazoezi akawaambia wengine watazame mkono wako. Anasema wamekupa jezi na picha yako imetoka gazetini. Kwa nini nayasikia kwa Mama? Umeandika barua mbili tangu Juni, zote umejaza habari za chaki.

Huku mwaka huu bango ni la Dale. Mimi ni wa saba kuingia, wa sita akiwa na mafua. Nakupongeza. Neno hilo nimeliandika mara tatu, karatasi mbili nikazichana. Sijui pumzi umezitoa wapi. Natumaini hao mnaocheza nao si hodari sana.

Nakupongeza kweli.
Verdell


Mississippi, bweni la wanawake
26 Oktoba 1975

Kwa mdogo wangu Verdell,

Mama hajambo, kikohozi kimekwisha. Lutie ameolewa. Bwana harusi alisimama juu ya kigoda cha kwaya ili kumbusu, na Bibi Sykes alicheka mpaka akatolewa nje. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila ninapopanda kitandani.

Pongezi zako nimezisoma, na nimeona mahali kalamu ilipogoma. Usijisumbue kuomba radhi. Kalamu hiyo naijua, nimeishi nayo miaka saba.

Sikukuambia habari ya timu kwa sababu kulikuwa na fomu. Bi Crenshaw, kocha wetu, alimgawia kila msichana yake siku ya kwanza ya mazoezi. Jina, umri, magonjwa uliyowahi kuugua. Mwisho kabisa swali moja: "Umewahi kupokea fedha au zawadi yoyote kwa ajili ya mpira wa kikapu?" Wenzangu walijaza bila kutazama, wakakimbilia viatu. Watoto hawa mpira haujawahi kuwapa hata peremende. Nikabaki peke yangu kwenye benchi na kalamu.

Kwa ajili ya mpira. Maneno ni yale yale ya Bibi Sykes, yamo daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe. Shuka ninazolalia zimetoka kwenye sahani ile. Mpira haukunipa kitu siku zote nilipokuwa naucheza. Ulinipa siku nilipokuwa nimesimama na daftari, na ulikuwa mpira wa mtu mwingine. Sasa niambie ungejibu nini. Mimi ndiye niliyekukalisha benchi kwa wiki nane kwa sababu ya neno moja lisilo kweli.

Bi Crenshaw akarudi. "Ozella, kuna swali gumu?"

"Hakuna, Bi."

"Basi jaza, tunakungoja."

Nikaandika "Hapana". Sikuangalia dari, sikusali. Niliandika kwa mwandiko ule ule mzuri wa karani, nikaweka sahihi, nikafunga kamba za viatu, nikaingia uwanjani. Na nilicheza, Verdell. Sijawahi kucheza vile, hata siku ya Marlow. Kila mara mpira ulipopita kwenye pete nilijua nimedanganya, na sikuwa tayari kuukosa hata mmoja ili kulipia.

Hakuna anayejua isipokuwa wewe. Wakijua, jezi navuliwa siku hiyo hiyo. Karatasi unayoishika ina mwandiko wangu, jina langu na tarehe, na najua ulivyo sasa, umekaa wa saba, unatazama bango la mwenzako.

Ichome, mdogo wangu. Ingekuwa ni mimi, mwaka jana, ningeitunza.

Dada yako,
Ozella